Ngano ya Walionyimwa

Mama Cveta Naumovska alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu, na ukiwa kwenye maegesho ya magari uliisikia yeye akiwa ghorofa ya pili na madirisha yamefungwa. Ya pili ilikuwa ya seli tulizofuga kwenye chupa. Hiyo ilikuwa laini, ya mtu anayenyanyuka kitandani taratibu ili mtoto asiamke. Sisi wenzake wa maabara tuliisikiliza hiyo ya pili kwa wivu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuulizwa kwa sauti ile kama amekula.

Alizaliwa kijiji kimoja nyuma ya Bitola, huko Makedonia, akaletwa mji wa Wollongong, upande wa pili wa dunia, akiwa bibi harusi. Mumewe Trajko akaingia kiwanda cha chuma cha Port Kembla, kama walivyoingia wanaume wote wa mtaa wao wa Cringila, na yeye akaingia kila kazi iliyobaki. Alifunga biskuti. Aliuza mikate ya nyama kwenye kantini ya shule, ambako watoto walikuwa wakinunua mmoja na kuondoka na miwili, maana hakuweza kumtazama mtoto akila huku mwenzake anaangalia. Kantini ikamshukuru na kumwachisha kazi. Ndipo akaja kwetu kuosha vyombo vya maabara, na siku mlezi wetu wa seli alipovunjika mguu kwenye mawimbi ya Thirroul, Mama Cveta akaambiwa azishikilie seli kwa muda. Mlezi alipotupa magongo na kurudi, alikuta hana pa kurudi.

Hakuwa na siri yoyote ya kitaalamu. Alifuata maelekezo kama yalivyobandikwa ukutani, na alinawa mikono kama mtu anayekwenda kukanda unga wa harusi. Basi. Tofauti ilikuwa moja tu: kwetu sisi seli zilikuwa "zile", kwa Mama Cveta seli zilikuwa "wale". "Wale wa chupa ya pembeni wamenuna leo," anakwambia. Baada ya mwezi hata profesa alikuwa anauliza wale wameamkaje.

Kazi yenyewe ilikuwa vumbi. Kuna madini yanaitwa seriamu, mafundi wa vioo wanayatumia kung'arishia lenzi. Ukiyasaga na kuyatengeneza mpaka punje elfu kumi zikijipanga mstari hazifiki unene wa unywele, yanapata tabia nyingine kabisa. Mionzi ikipita ndani ya seli inavunja maji yaliyomo, na kwenye ile vurugu vinazaliwa vipande vilivyopungukiwa elektroni. Vipande hivyo vina tabia za mtu aliyeingia harusini bila mwaliko: vinanyakua cha yeyote aliye karibu. Vikinyakua kwenye ukuta wa seli, ukuta unachanika. Vikinyakua kwenye vinasaba, ukoo umeishia hapo. Sasa punje ya seriamu inajitokeza mbele na kusema chukueni kwangu. Ikishatoa, inajikusanya upya, inatoa tena. Vitamini ikitoa mara moja imefilisika, lakini hii inarudi mezani na sahani nyingine. Unaweza kuona kwa nini Mama Cveta aliipenda. Ilikuwa ni yeye mwenyewe, ila ndogo.

Na mionzi alikuwa anaijua bila kuchorewa. Shemeji yake Blagoja alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Saratani ikaondoka, tezi za mate nazo zikaungua. Kabla ya hapo Blagoja aliogopwa na waamuzi wote wa ligi ya mtaa, maana aliweza kutema kutoka jukwaani mpaka kwenye mstari wa pembeni, na kulenga. Sasa alikuwa anaangalia mechi kimya, chupa ya maji mkononi, na mkate anaumeza kama mtu anayemeza bahasha. Mama Cveta ndiye aliyekuwa anamchemshia supu.

Seli tulizofuga zilikuwa za tezi za mate. Ukizipa vumbi kabla ya mionzi, zinaokoka? Swali hilo lilikuwa la Imogen Tranter, mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamivu, msichana mrefu mwenye macho ya mtu ambaye kila mara amesahau kitu kwenye basi. Alikuwa mwaka wake wa mwisho. Ilibidi aonyeshe kwamba waliopewa vumbi wanapona na wasiopewa wanakufa. Akikosa kuonyesha hivyo mpaka muhula unakwisha, hana tasnifu, na mjomba wake wa Dubbo alishamwekea kazi ya kusafisha vyoo kwenye kambi yake ya watalii wanaolala kwenye nyumba za magurudumu. Mjomba hakuwa anatania. Alishamtumia mpaka fulana ya kazi.

Tatizo lilianzia kwenye kibandiko. Profesa wetu, Alistair Pobjoy, alikuwa akisema "kundi la kulinganishia". Imogen alikuwa na haraka na kalamu inayokaribia kukauka, akaandika kwenye chupa za upande mmoja "Waliopewa" na za upande wa pili "Walionyimwa".

Mama Cveta akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Imogen, mwanangu. Hawa walionyimwa ni akina nani?"

"Ni wale wa kulinganishia, Mama Cveta. Hawapewi vumbi, wanapewa maji matupu."

"Halafu?"

"Halafu Sione wa mashine anawapiga mionzi."

"Na hawa wengine?"

"Nao anawapiga. Lakini wenyewe wana vumbi."

"Na hawa wa maji wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu," Imogen akasema. "Ni lazima wawepo. Wasipokufa hawa, hatutajua wale wengine wameponywa na nini."

Mama Cveta akafikiri kidogo. "Kwetu ukiwa na watoto wanne na mkate mmoja, unakata vipande vinne."

"Hapa ukikata vinne, mimi naenda Dubbo."

"Hutaenda Dubbo," Mama Cveta akasema, akampapasa shavu kwa glavu, kisha akaenda kubadilisha glavu kama sheria inavyotaka.

Nitasema sasa hivi alichokifanya, kwa sababu sipendi kumzungusha mtu. Alifungua chupa ya maji matupu, yale wanayopewa walionyimwa, na akaingiza vumbi. Haya alituambia baadaye mwenyewe. Hakutaka waokoke, alisema, alielewa vizuri kwamba ilibidi wafe. Alitaka tu wasife wakijua wametengwa. Kwa hiyo ni kidogo tu, cha kuonja. Lakini mkono wa Mama Cveta ulikuwa ule wa kantini. Haujawahi kutoa kidogo tangu uumbwe.

Jaribio la kwanza, walionyimwa wakaokoka.

Imogen alikaa mbele ya hadubini mpaka nyusi zikapata alama ya kifaa. Profesa Pobjoy akaja, akaangalia, akasema, "Wanaonekana wazima sana."

"Ndio tatizo, Alistair."

"Mashine ya Sione itakuwa haipigi."

Sione Taufa, mtu wa visiwa vya Tonga, mwenye mabega ambayo yalikuwa yakiingia mlangoni kwa zamu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine ya mionzi chini ya jengo. Akapanda ngazi kujibu shtaka.

"Mashine yangu haipigi?" alisema. "Nimeiwekea filamu ya kupimia mionzi sasa hivi, imetoka nyeusi kama moyo wa mwenye nyumba wangu. Seli zenu ndizo hazina adabu."

"Labda wamezoea," Mama Cveta akasema, huku anapanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa.

"Mama, hakuna anayezoea mashine yangu."

Jaribio la pili, wakaokoka tena. Imogen akabadilisha chakula cha seli, akabadilisha pipeti, akabadilisha siku, akabadilisha mpaka njia ya kwenda nyumbani, akidai kunguru weusi-weupe wa kwenye ule mti wa barabarani wanamletea nuksi. Akaanza kukonda. Mama Cveta alipoona mifupa ya shingo imejitokeza, akawa anamletea burek ya jibini, ule mkate wa matabaka wa kwao, kila asubuhi, moto, imefungwa kwa taulo.

"Kula, mwanangu. Umebaki macho."

"Sielewi kwa nini hawafi, Mama Cveta."

"Kula kwanza. Watakufa tu, kila mtu anakufa."

Mkono mmoja unamlisha msichana, mkono wa pili unamfukuza chuo. Ukiwa mbali ni kichekesho, ila Imogen alikuwa anailia ile burek kwa machozi halisi, na Mama Cveta hakuwa mtu wa jiwe. Alianza kuhisi kwamba kosa ni lake. Akarudi nyumbani akamweleza Trajko habari yote, na Trajko, ambaye maishani mwake hakuwahi kutoa ushauri mrefu kuliko sigara, akamwambia, "Acha kuweka."

Akaacha. Jaribio la tatu hakuweka hata punje moja. Alisimama mbele ya kabati akiwa amefumbata mikono nyuma, kama mtu anayepita sokoni bila senti.

Walionyimwa wakaokoka.

Hapo Mama Cveta alifurahi hadi akaimba, maana jambo sasa lilikuwa wazi: si yeye. Kama ameacha na bado wanapona, basi kosa ni la mwingine, labda la Mungu. Kitu kimoja tu hakikumpitia akilini. Chupa ya maji ilikuwa ile ile. Alikuwa ameacha kuikoleza, lakini hakuimwaga, kwa sababu tangu alipofika nchi hii hajawahi kumwaga kitu ambacho bado kinajaa nusu chupa.

Imogen akamwandikia mjomba kuuliza kama fulana ile ipo ya saizi ndogo.

Kisha ikaja siku ya wazi, ambapo watu wa mjini wanakaribishwa kuona tunafanya nini. Mwaka ule walikuja wazee wa klabu ya kuviringisha mipira kwenye nyasi, wote na kofia nyeupe. Walikuwa wamechoma soseji Jumamosi nyingi kutuchangia, wakataka kuona soseji zao zimegeuka nini. Mama Cveta alikuwa mlangoni na sinia la mkate uliopakwa ajvar, ile sosi ya pilipili hoho nyekundu ambayo Cringila nzima huichomea kwenye gereji zao kiangazi kikiisha. Kwa kila mzee alisema kwamba hii nayo inazuia seli kuzeeka, ila haina profesa wa kuitetea.

Profesa Pobjoy alikuwa na mchezo wake wa siku hiyo, na aliupenda kuliko watoto wake. Anaweka glasi mbili mezani. Moja ina maji yenye vumbi, nyingine maji matupu. Zote nyeupe, huwezi kuzitofautisha. Anadondosha peroksidi, ile ile ya kusafishia vidonda, kwenye zote mbili. Yenye vumbi inageuka rangi ya machungwa palepale, maana seriamu imeanza kupambana, na ile ya maji matupu inabaki vilevile. Watu wanapiga makofi. Profesa anainama kidogo.

Siku hiyo alifungua friji na kuchukua chupa iliyoandikwa "Maji matupu".

"Tazameni glasi hii," akasema. Akadondosha. Ikageuka machungwa. Wazee wakaguna kwa furaha. "Na sasa hii, ambayo haina kitu."

Akadondosha. Ikageuka machungwa.

Bibi mmoja wa mbele, Merle, ambaye begi lake lilikuwa na sindano za kufumia zilizochomoza kama nungu, akasogea karibu.

"Sasa dawa ni ipi?"

"Hii," Profesa akasema.

"Na hii?"

"Hii ni maji."

"Maji gani hayo? Ya kwetu Warrawong yana matatizo yake lakini hayafanyi hivyo."

Profesa akacheka kwa meno tu. Akageuka. "Imogen, chupa hii uliiandaa wewe?"

"Ndiyo, Alistair." Imogen alikuwa ameshageuka rangi, na yake haikuwa ya machungwa.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya. Tutaongea."

Kwenye maabara ile, "tutaongea" haikuwa ahadi ya mazungumzo. Mlezi wa zamani wa seli aliambiwa "tutaongea". Jamaa aliyeyeyusha mzani wa umeme aliambiwa "tutaongea". Chupa ya kulinganishia ikiwa chafu, basi majaribio yote ya msichana ni takataka, na msichana mwenyewe ni mzembe, na mzembe hapewi muhula mwingine. Imogen alilijua hilo. Sione, aliyekuwa amesimama nyuma, alilijua. Na Mama Cveta, na sinia lake mlangoni, aliiangalia ile glasi na kwa mara ya kwanza akaikumbuka chupa.

Angeweza kunyamaza. Kazi ile ndiyo ilikuwa furaha yake, na "wale" ndio waliokuwa wakimsubiri asubuhi, kwa kuwa sasa watoto wake wamehamia Melbourne na wanapiga simu wakitaka mapishi tu. Akimwambia Profesa ukweli, hatagusa tena seli. Akinyamaza, Imogen anakwenda kusugua vyoo Dubbo.

Akaweka sinia juu ya kofia ya mzee mmoja aliyekuwa ameiweka kitini.

"Alistair," akasema. "Mimi ndiye niliyewaongezea."

Alisema kwa sauti ya pili. Ile ya seli. Hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuelekezewa sauti ile, na watu wote wakatulia kama wamewekwa kwenye kabati la joto.

"Uliwaongezea nani? Nini?"

"Walionyimwa. Vumbi. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Cha kutosha ni mikrolita ngapi, Cveta?"

"Mpaka moyo ulipotulia."

"Kipimo hicho nakijua," Merle akasema. "Hata keki yangu ya matunda ndivyo ilivyo."

Profesa Pobjoy akakaa chini, kwa bahati mbaya juu ya kiti chenye kofia na sinia. Akainuka na ajvar nyuma. Alijikung'uta kidogo akaacha, maana ile haikung'utiki, inahamia mkononi tu. Wazee wakapiga makofi, wakidhani ndiyo sehemu ya pili ya onyesho.

Wageni walipoondoka, Imogen ndiye aliyeanza.

"Mama Cveta, umenilia mwaka mzima."

"Nilikupa burek."

"Burek haiandikwi kwenye tasnifu."

"Ningejua ni chupa ile ile ningeimwaga. Naapa kwa jicho la Trajko, lile moja lililo zima."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilikuuliza wamekosa nini, ukasema hawajakosa kitu." Mama Cveta akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ningefanyaje baada ya hapo?"

Profesa alisema Mama Cveta hatazigusa seli tena, na alisema hivyo akiwa amesimama, maana kukaa kulikuwa bado kunaleta madhara. Imogen akamkatiza. Alisema kulikuwa na muda wa jaribio moja tu kabla ya muhula kwisha, na kwamba anataka Mama Cveta awepo. Maji mapya, chupa mpya, na Mama Cveta mwenyewe ndiye awapeleke walionyimwa kwa mashine, kwa mikono yake, mikono yote miwili ionekane.

"Nataka uone kwamba unaweza," Imogen akasema. "Ukiweza wewe, hakuna mwingine nitakayemwogopa."

"Na mimi nina sharti," Mama Cveta akasema.

"Huna nafasi ya kuweka masharti," Profesa akasema.

"Wakifa, nawafanyia inavyotakiwa."

Profesa hakuelewa maana yake, akakubali. Mtu mwenye ajvar nyuma hakatai vitu vingi.

Kwa hiyo akawashusha ngazi, chupa zimelala kwenye kasha kifuani kwake, Imogen pembeni akimwangalia vidole. Sione akafungua mlango wa mashine. Aliponiona nami nimefuata, akanikonyeza ninyamaze.

"Mama, una neno la kusema?"

Mama Cveta akainama kwenye kasha. Akasema kitu kwa Kimakedonia, kwa sauti ile ya pili, kirefu. Sione akavua kofia. Kisha Mama Cveta akanyooka, akarudi nyuma na mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na Sione akabonyeza.

Safari hii walionyimwa walikufa. Walikufa vizuri sana, kama kitabu kinavyotaka, wakabanduka chini ya chupa na kuelea. Waliopewa walibaki wamesimama kwa wingi, wamejishikiza, wanaendelea na maisha yao. Imogen alihesabu, akahesabu tena, kisha akaweka paji la uso juu ya hadubini akacheka mpaka kioo kikapata ukungu. Fulana ikarudishwa Dubbo kwa posta.

Asubuhi iliyofuata, saa ya chai, Mama Cveta alikuja na beseni la ngano ya kuchemsha, imechanganywa na sukari na jozi zilizopondwa, na msalaba wa zabibu kavu juu yake. Kwao ndivyo wanavyofanyiwa wafu: ngano inagawiwa, kila anayekula anawaombea. Angeishia hapo pangekuwa salama. Lakini kwao pia huwashwa mshumaa, na mshumaa aliuchomeka katikati ya beseni, chini kabisa ya kile kidude cha dari kinachonusa moshi.

Jengo zima likatoka nje. Maabara zote za juu yetu, ofisi za chini, na mkutano wa wahandisi, wote kwenye nyasi, king'ora kinalia, makakatua, wale kasuku weupe, kwenye paa wanakijibu. Mama Cveta alitoka na beseni lake. Kwa vile watu walikuwepo na hawakuwa na kazi, akagawa.

Profesa Pobjoy alikula bakuli la kwanza, akaomba la pili. "Tamu hii. Ni ya sikukuu gani?"

"Ya mazishi," Sione akamwambia.

Profesa akaacha kutafuna. "Ya nani?"

Imogen, ambaye alikuwa amefundishwa cha kusema, akameza kijiko chake na kusema kwa makini, "Mungu awasamehe."

"Awasamehe nani?" Profesa akauliza. "Wale? Wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu," Mama Cveta akasema, akimwongezea bila kuulizwa. "Ilikuwa lazima wawepo."

Gari la zima moto likaingia. Mama Cveta akaanza kuhesabu vichwa vilivyomo ndani, kisha akaangalia beseni, kisha akaanza kupunguza kwenye bakuli la Profesa.